Mwana wa Freretown na Neno "Ungwana": Kumbukumbu ya Leonard Mambo Mbotela



Katika darasa letu la mwaka wa kwanza tuna desturi ya kuuliza swali moja siku ya mwanzo: ni neno gani la Kiswahili ulilolisikia kwanza maishani mwako, na ni nani aliyelisema? Majibu hayabadiliki sana mwaka hadi mwaka. Wengi hutaja amri: simama, toka, lala chini, leta kipande. Maneno haya waliyapata nyumbani kwa wazazi na babu zao, ambao nao waliyapata kwenye vizuizi vya barabarani katika miaka ya 1970 na 1980. Wachache, hasa wanaotoka Busia, Malaba na Tororo, hutaja jambo jingine: redio ya Kenya.

Sisi ni miongoni mwa hao wachache. Tulikulia upande wa Tororo, na sauti ya kwanza ya Kiswahili tunayoikumbuka haikutuamrisha kitu. Ilituuliza swali: Je, huu ni ungwana?

Mwenye sauti hiyo, Leonard Mambo Mbotela, alifariki dunia Nairobi tarehe 7 Februari 2025, akiwa na umri wa miaka 84. Tumechelewa kumwandikia, na tunaomba radhi. Tulitaka kwanza kusoma yaliyoandikwa na wenzetu, na baadaye tukapata fursa ya kupita mahali alipozaliwa. Makala haya si tanzia, kwani tanzia zimeandikwa nyingi na kwa ufundi. Tunakusudia kuhakiki jinsi mtangazaji huyu anavyokumbukwa, na kueleza kwa nini tunaona kwamba kumbukumbu hizo zimeacha jambo kubwa kuliko yote. Jambo hilo liko katika neno moja, na ufunguo wa neno hilo uko katika mji wake wa kuzaliwa.

KIPINDI CHENYEWE

Kwa vijana ambao hawakukipata, kipindi cha "Je, Huu ni Ungwana?" kilianza mwaka 1966 katika Sauti ya Kenya, shirika ambalo tangu mwaka 1989 linajulikana kama KBC. Kilisikika redioni na kikaonekana katika televisheni, na kilidumu kwa zaidi ya miaka 50 kikiwa na mtangazaji yule yule. Ni vipindi vichache sana katika Afrika Mashariki vinavyoweza kujivunia umri huo.

Muundo wake ulikuwa mwepesi. Mtangazaji huchukua tabia moja ya kila siku, ya nyumbani, ya mtaani au ya safarini. Huisimulia taratibu, kana kwamba ameiona jana. Hatoi hukumu, hataji jina la mtu, wala hatoi aya ya kitabu kitakatifu. Mwishoni humwachia msikilizaji swali. Hapo ndipo ulipo ufundi wake, na wanafunzi wetu wa fasihi simulizi wangefanya vyema kuuchunguza. Katika ngano za jadi, fanani hufunga hadithi kwa funzo: hadithi hii inatufundisha kwamba uchoyo ni mbaya. Mbotela aliliondoa funzo na mahali pake akaweka swali la balagha. Hadhira ikajikuta inalitamka funzo yenyewe, na mtu akishalitamka kwa mdomo wake, ni vigumu kulikataa.

Kwenye televisheni swali hilo lilikuwa na uzito zaidi, kwa sababu anayeuliza anakutazama usoni. Redioni unaweza kujifanya kwamba anasemwa jirani.

Swali hilo halikubaki ndani ya kipindi. Liliingia katika mazungumzo ya watu kama methali inavyoingia. Mtu akikanyagwa mguu bila kuombwa samahani, akipangiwa miadi kisha akaachwa juani, akikopesha na asilipwe, alikuwa na la kusema tayari, na aliyeambiwa alielewa mara moja kwamba amekosolewa bila kutukanwa. Lugha yetu ina njia nyingi za kumtukana mtu. Njia za kumkosoa huku ukimwachia heshima yake ni chache, na Mbotela alituongezea moja.

TANZIA ZILIVYOMKUMBUKA

Tulisoma tanzia nyingi, za Kiswahili na za Kiingereza. Karibu zote zilisimama juu ya mafiga matatu.

Figa la kwanza ni mpira. Mbotela alikuwa mmoja wa watangazaji wa kandanda waliowafanya watu walione pambano kwa masikio. Figa la pili ni tarehe 1 Agosti 1982, siku ya Jumapili, ambapo askari wa Jeshi la Anga walijaribu kuipindua serikali ya Rais Moi. Walimchukua Mbotela nyumbani kwake, wakampeleka kwenye kituo cha redio na kumlazimisha kutangaza kwamba serikali imeanguka. Siku hiyo hiyo jeshi lilikikomboa kituo, na sauti ile ile ikatumiwa kuwaambia wananchi kwamba serikali ingalipo. Figa la tatu ni umri mrefu wa kipindi chake.

Yote haya ni kweli na yanastahili kuandikwa. Lakini tazama nafasi iliyopewa mahali alipozaliwa: alizaliwa Freretown, Mombasa, tarehe 29 Mei 1940. Mstari mmoja tu, kama ule tunaojaza katika fomu ya benki. Baadhi ziliongeza kwamba alikuwa wa uzao wa watumwa waliokombolewa, kisha zikarudi haraka kwenye mpira. Hakuna tuliyoisoma iliyoweka pamoja mambo haya mawili: mjukuu wa watumwa, na neno ungwana. Kwa maoni yetu, mtu asiyeyaweka pamoja hajakisikia kipindi hicho hata kama alikisikiliza kwa miaka 50.

FRERETOWN

Mwezi Agosti 2025 tulikuwa Mombasa kwa shughuli za kikazi, na siku moja tulivuka Daraja la Nyali kwa matatu. Utingo alikuwa akiita "Kengeleni! Kengeleni!" kama anavyoita kila siku. Kengeleni ni kituo cha magari, na kimepata jina lake kutokana na kengele kuukuu iliyotundikwa karibu na njia panda. Masimulizi ya wenyeji husema kwamba kengele hiyo ilipigwa kuwatahadharisha watu wa Freretown kila yalipoonekana majahazi ya wafanyabiashara wa watumwa, wasije wakatekwa mara ya pili.

Mji wenyewe ulianzishwa mwaka 1875 na wamisionari wa Kianglikana wa CMS, katika ardhi ya Kisauni ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Ulipewa jina la Sir Bartle Frere, mjumbe aliyetumwa Zanzibar mwaka 1873 kumshawishi Sultani Barghash akomeshe biashara ya watumwa. Wakazi wake walikuwa watu waliookolewa baharini na manowari za Uingereza, pamoja na wale walioitwa Wabombei, yaani Waafrika waliokombolewa zamani kidogo na kulelewa katika misheni ya Nasik nchini India. Walitoka kila upande wa bara: Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo. Hawakuwa na lugha moja ya mama. Walichonacho kwa pamoja kilikuwa Kiswahili walichojifunza njiani, katika minyororo, majahazini na baadaye shuleni.

Wanyonge hao wana sehemu katika historia ya nchi yetu, ingawa hatuwatambui. Askofu Hannington alipoanza safari ya Buganda mwaka 1885, msaidizi wake mkuu alikuwa William Jones, Myao aliyetekwa utotoni, akakombolewa na kusomea Nasik, kisha akahudumu Rabai, misheni jirani na Freretown. Hannington aliuawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885. Ni Jones aliyewakusanya wapagazi walionusurika na kuwarudisha pwani. Kila mwaka tunapomkumbuka Hannington, ni nadra kulisikia jina la Jones.

Leo Freretown imemezwa na majengo ya Kisauni na Nyali. Mgeni hawezi kuona pale inapoanza na pale inapoishia. Tuliposhuka tulimwuliza utingo kama anajua kwamba Mbotela alizaliwa hapo. Alitushangaa.

"Mbotela wa ungwana? Huyo si wa Nairobi, mwalimu?"

Hatukumlaumu. Tanzia zote zilikuwa za Nairobi.

Hatua chache kutoka hapo tulimkuta bibi mmoja ameketi barazani pake akichambua mchicha. Tulimwamkia shikamoo, akatukaribisha kwa maji. Tulipolitaja jina la marehemu uso wake ulichangamka.

"Leonard? Huyo wetu. Wa hapa hapa."

Akatueleza kwa fahari kwamba watu wa mji huo ndio waliokuwa walimu, makarani na mafundi wa mwanzo pwani, na hilo ni kweli. Kisha sisi, kwa pupa ya kitaaluma, tukauliza kuhusu utumwa. Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Hayo waulizeni wenye vitabu, mwanangu. Sisi tumezaliwa hapa."

Tulinyamaza, tukaona haya. Tulikuwa tumemuuliza mwenyeji wetu jambo ambalo pwani mtu haulizwi mbele ya mgeni. Mwenyewe ndiye aliyetuokoa. Alituambia kwamba watoto wake walipokuwa wadogo, wakikosa adabu, hakuwa akiwapiga. Aliwauliza tu kama alivyouliza Leonard, na wenyewe wakajijibu.

Tangu siku hiyo tumeyatafakari maneno ya bibi huyo, kwa sababu ndani yake mna namna mbili za kumkumbuka mtu. Kuna asili inayonyamaziwa kwa kuwa bado inauma, na kuna swali linaloendelea kuishi nyumbani kwa watu. Mji unamkumbuka mwanawe kwa swali lake huku ukinyamazia chanzo chake. Nairobi nayo inakikumbuka kipindi bila kuujua mji. Kila upande una nusu.

NENO LENYEWE

Tuje sasa katika kazi yetu ya darasani. Wanafunzi huuliza: ni ungwana au uungwana? Kamusi zetu za leo huandika uungwana, yaani kiambishi u- cha dhana dhahania na mzizi -ungwana. Katika usemi wa haraka irabu hizo mbili husikika kama moja, na jina la kipindi limefuata usemi. Si kosa la kumnyima mtu alama.

Jambo kubwa zaidi ni maana. Leo ukimwuliza mwanafunzi maana ya muungwana atakujibu: mtu mwenye adabu, mpole, anayejua kuishi na watu. Ndivyo tunavyofundisha, na methali inatuunga mkono isemapo kwamba muungwana ni kitendo. Lakini katika miji ya pwani ya karne ya 19 neno hilo halikuanza na kitendo. Lilianza na nasaba. Muungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru, mwenye ukoo mjini, mwenye nyumba ya mawe au anayehusiana na wenye nyumba za mawe. Kinyume chake hakikuwa mtu mkorofi. Kinyume chake kilikuwa mtumwa. Chini ya muungwana kulikuwa na ngazi: mzalia, aliyezaliwa utumwani pwani, mateka, aliyeletwa karibuni, na mjinga, yaani mgeni wa bara asiyejua lugha wala desturi. Mtumwa aliyeachwa aliweza kuwa huru. Hakuwa muungwana kwa sababu hiyo.

Adabu nayo ilifuata nasaba. Iliaminiwa kwamba aliyezaliwa muungwana ana haya, ana staha, hali ovyo, hasemi ovyo. Ndiyo maana ya methali ile nyingine, kwamba muungwana akivuliwa nguo huchutama. Anayesemwa ni mtu mwenye heshima ya kulinda, na mtumwa alihesabiwa kuwa hana cha kulinda.

Ni kweli kwamba maneno hutembea. Neno la Waingereza la kumwita mtu wa nasaba njema nalo limeishia kuwa jina la mtu mwenye adabu. Hata hapa kwetu neno ungwana lilikuja likiwa limeanza kulegea. Wapagazi waliokuja na Stanley katika jumba la Kabaka Mutesa mwaka 1875 walijiita waungwana, ingawa miongoni mwao walikuwamo watumwa waliokodishwa na mabwana zao wa Zanzibar. Walipofika mbali na pwani walijipa cheo ambacho nyumbani wasingepewa. Waungwana wa namna hiyo ndio walioiachia Kongo ya Mashariki jina la Kingwana, lahaja inayozungumzwa huko na watu wengi mno.

Basi mji wa Freretown ulipoanzishwa mwaka huo huo wa 1875, watu wake waliitwa kwa majina mengi: mateka, watu wa misheni, Wabombei. Waungwana hawakuitwa. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Mbotela alizaliwa miaka 33 tu baadaye, yaani katika mji ambamo wazee waliowahi kumilikiwa walikuwa bado wanaweza kusimulia.

Sasa usikilize upya. Mwaka 1966 mtoto wa mji huo anakaa mbele ya kipaza sauti cha taifa na kuwauliza watu wote, wakubwa kwa wadogo, wenye nasaba na wasio nayo: Je, huu ni ungwana? Neno lililotumika kuwafungia babu zake mlango, yeye ndiye anayelishika mkononi na kuwapima wengine kwalo. Na hapimi kuzaliwa kwa mtu. Hapimi dini, kabila, kanzu wala nyumba ya mawe. Anapima tendo alilolifanya mtu asubuhi ya leo.

Hatudai kwamba alikusudia hivyo. Hatukupata kumsikia akilieleza neno hilo kwa njia hii, na mhakiki hana ruhusa ya kuingia kifuani mwa mtu. Tunachosema ni kwamba angeweza kuuliza kwa maneno mengine. Lugha ilikuwa na utu, ilikuwa na adabu, ilikuwa na heshima, na ilikuwa na ustaarabu, neno lililolipiku uungwana katika pwani ya karne ya 19, na ambalo lenyewe limejengwa juu ya Uarabu. Kati ya yote hayo, lililobaki katika vinywa vya watu ni lile lililokuwa mbali zaidi na asili yake. Kama si kusudi, basi ni historia iliyojilipa yenyewe.

Linganisha na kitabu tunachokisomesha miongoni mwa nathari za mwanzo za Kiswahili, Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, mtu wa ukoo huo huo wa Freretown, kilichotoka mwaka 1934. Wahakiki wamekishutumu, na sisi tumekuwa tukikishutumu darasani, kwa kuwasifu Waingereza kupita kiasi na kuwabebesha Waarabu lawama yote. Katika kitabu hicho uhuru ni zawadi. Unaletwa na manowari, unatolewa na mzungu, na anayeupokea hushukuru. Miaka 32 baadaye, Mbotela mwingine haulizi tena kuhusu uhuru, ambao mtu anaweza kupewa. Anauliza kuhusu ungwana, ambao hakuna serikali wala misheni inayoweza kuutoa. Kama tungekuwa na nafasi ya kuandaa mtaala upya, tungevisomesha viwili hivyo pamoja, kitabu na kipindi, kama juzuu mbili za kazi moja.

LAWAMA YETU

Mwalimu asiyetoa kasoro hajasahihisha, kwa hiyo tutoe yetu.

Katika vipande vya kipindi hicho ambavyo tumewahi kuvisikia, anayeulizwa ni mtu wa kawaida: mgeni asiyejua kuaga, jirani mwenye kelele, abiria, mkopaji. Hatukusikia swali likipanda ngazi. Hatukusikia waziri akiulizwa, wala mkuu wa wilaya, wala bwana mkubwa anayewaacha watu wakiungua jua wakingoja msafara wake upite. Sababu inajulikana. Kituo kilikuwa cha serikali, na kwa miaka mingi serikali hiyo ilikuwa ya chama kimoja. Katika mazingira hayo, somo la adabu linaweza kugeuka kuwa somo la kuwafunza wadogo watulie. Mtu aliyeumizwa na mkubwa huambiwa asipaze sauti, kwa kuwa kupaza sauti si ungwana.

Siku ile ya Agosti 1982 inaonyesha mpaka wa jambo hili. Mtu aliyewauliza wengine kuhusu ungwana alipelekwa na bunduki kuisema kauli ambayo si yake, na kabla jua halijatua akaisema kauli ya upande wa pili. Hatumlaumu kwa hilo. Hakuna kati yetu anayejua angefanya nini. Mwenyewe alilisimulia tukio hilo mara nyingi waziwazi bila kujipamba ushujaa, na kufanya hivyo kunahitaji ujasiri wake. Lakini tanzia zilizolisimulia kama kisa cha kusisimua zilikosa uchungu wake. Babu zake walimilikiwa mwili. Yeye, kwa siku moja, alimilikiwa sauti.

Hata hivyo, swali lina tabia moja nzuri: halina jina la mtu ndani yake. Msikilizaji aliyelizoea nyumbani angeweza kulipeleka kokote. Aliyejifunza kuuliza juu ya utingo wa matatu, kesho angeweza kuuliza juu ya waziri. Mbotela hakulipandisha ngazi, lakini alilikabidhi kwa watu walio na miguu.

SOMO KWETU KAMPALA

Msomaji wa Kampala atauliza: haya yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana.

Wanafunzi wetu wanaingia darasani na mashaka mawili. La kwanza ni kwamba Kiswahili ni lugha ya ukali, lugha ya kambi na ya wezi. La pili ni la chini kwa chini zaidi: kwamba Kiswahili si chetu. Kina wenyewe huko pwani, na Mganda au Mteso au Mwacholi atabaki mgeni ndani yake hata akiongea vizuri namna gani. Serikali inaweza kutunga sheria, na imezitunga. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa na Kiswahili kikatajwa kuwa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliazimia kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Sheria haiondoi mashaka ya moyoni.

Shaka la kwanza tunalijibu kwa kipindi chenyewe. Kila muhula tunawapa wanafunzi zoezi: andika kisa kifupi cha jambo uliloliona Kampala wiki hii, usihukumu, umalizie kwa swali la Mbotela. Tumesoma mengi ya kufurahisha. Mmoja aliandika juu ya abiria wa teksi ya Wandegeya anayesikiliza mahubiri kwa sauti ya juu ya simu huku mtoto wa mwenziwe akiwa mgonjwa. Mwingine aliandika juu ya watu wanaokwenda mazikoni, wakala, wakafunga chakula kingine kwenye mifuko, kisha wakaondoka kabla maiti hajazikwa. Mwingine, ndugu wa bibi harusi wanaopandisha orodha ya vitu vya kwanjula usiku wa kuamkia siku yenyewe. Mwanafunzi aliyeandika habari ya mazikoni alituambia kwamba ndiyo mara yake ya kwanza kukitumia Kiswahili kwa jambo ambalo kwao lingesemwa kwa Luganda kwa neno obuntubulamu. Hapo tukajua kwamba somo limeingia.

Shaka la pili tunalijibu kwa Freretown, na ndiyo sababu tunasikitika kuona mji huo ukisahauliwa. Mtu aliyewafunza mamilioni ya Waswahili na wasio Waswahili maana ya ungwana hakuwa wa nasaba ya kale ya pwani. Asili ya watu wake ni bara, upande wa Ziwa Nyasa. Babu zake walifika pwani wakiwa wajinga, kwa maana ile ya zamani, na lugha waliipata kwa mateso. Kama kuna aliyekuwa na haki ya kusema kwamba Kiswahili si chetu, ni wao. Hawakusema hivyo. Waliishika, wakaandika vitabu kwayo, na mmoja wao akaishika hata akabadilisha maana ya neno lake zito kuliko yote.

Na hata hapa, mwalimu wa mwanzo wa kusoma Biblia kwa Kiswahili katika jumba la Mutesa hakuwa mtu wa nasaba. Alikuwa Dallington Maftaa, kijana aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa na misheni huko Zanzibar, ambaye Stanley alimwacha kwa Kabaka mwaka 1875. Somo letu, ndugu msomaji, lilianzishwa na mateka.

HITIMISHO

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Tumeitumia methali hii mara nyingi kuwakaripia vijana, bila kufikiri inavyosikika masikioni mwa mtu ambaye asili yake ni huo utumwa. Bibi wa Freretown alitunyamazisha kwa haki. Si kazi ya mgeni kumlazimisha mwenyeji afunue kidonda. Lakini kidonda kikiachwa bila jina kwa muda mrefu, hata tiba iliyopatikana hapo hapo itasahauliwa ilikotoka, na utingo wa Kengeleni ataendelea kuamini kwamba ungwana ulitoka Nairobi.

Tungependa siku moja, pale penye kengele, paandikwe jina la Leonard Mambo Mbotela na swali lake, bila maelezo mengine. Hilo si letu kuamua. Ni la watu wa Freretown wenyewe. Lililo letu ni dogo. Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, Idara yetu hualika wageni, husoma hotuba na kula keki. Tunapendekeza kwamba mwaka ujao nusu saa ya shughuli hiyo itolewe kwa mazoezi ya wanafunzi wetu, yasomwe kwa sauti mbele ya wageni hao waheshimiwa, na yasiishie kwa abiria na utingo peke yao. Yapande ngazi. Tuna wanafunzi walioandika juu ya ofisi, misafara na ahadi za wakubwa, wakaogopa kuyasoma.

Tuwaache wayasome. Na tukiwazuia, watakuwa na haki ya kutugeukia na kutuuliza lile swali.